Zanzibar, Kampala au Kigali: droo yako ndiyo itakayoamua

Mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti saa nne usiku, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kubishana na mumewe mpaka chakula kikapoa. "Dada, tuna siku tano, kuanzia Jamhuri Dei. Mimi nataka bahari, shemeji yako anataka Kampala, na wenzake kazini wanamwambia Kigali ndiyo habari ya mjini. Twende wapi?"

Nikamjibu kwa swali. Kwenye droo ya karatasi kuna nini?

Kila nyumba ya Nairobi ina droo hiyo. Yangu iko chini ya runinga, imejaa risiti za stima, kadi za kliniki na vyeti vya ubatizo. Watu huanza kupanga safari kwa picha: mchanga wa Nungwi, vilima vya Kigali, moshi wa nyama choma wa Kampala. Afisa wa mpakani hizo picha hazijui. Yeye anataka karatasi, na kila mlango kati ya hii mitatu unadai zake. Nimepita yote, kwa basi na kwa ndege, mingine zaidi ya mara moja. Kwa hiyo huu ulinganisho nauanzia kwenye droo, bahari itafuata.

Karatasi za mlangoni

Kwanza habari njema: Mkenya hahitaji viza hata kwa mmoja kati ya miji hii. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwa ikitumika tangu 1 Julai 2010, na raia wa jumuiya hupewa kibali cha matembezi pale pale anapoingia. Tofauti iko kwenye hati anayoitoa mfukoni.

Kwa Uganda na Rwanda, kitambulisho cha taifa kinatosha. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo kuanzia Januari 2014, na mpango huo haubagui chombo: ukipanda ndege pale JKIA kwenda Entebbe au Kigali, kitambulisho hichohicho kinakupeleka na kukurudisha. Ila kiwe chenyewe. Nakala haikubaliki, picha kwenye simu haikubaliki, na ile karatasi ya kusubiria uliyopewa baada ya kupoteza cha kwanza pia haikubaliki. Ukipewa kikaratasi cha kuingilia, kiweke pamoja na kitambulisho mpaka urudi, kwa sababu huna ukurasa wa kugongewa muhuri.

Tanzania haimo kwenye mpango huo. Huko ni pasipoti, na iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha muda. Asiye na pasipoti anaweza kuombea hati ya muda ya kusafiria kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, au mpakani, nayo inafaa kwa mtu anayekwenda Arusha kwa barabara, akanunua vitenge na kurudi. Kwa Zanzibar singeitegemea. Visiwa vina meza yao ya uhamiaji, na hata ukishuka kwenye boti kutoka Dar es Salaam, ambako tayari uligongewa muhuri, utaulizwa hati tena. Wageni wengi hushangaa. Ndivyo Zanzibar ilivyo, na foleni ni fupi, lakini si mahali pa kuanza kueleza hadithi ya hati ya muda.

Pasipoti mpya ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, unaomba kwenye eCitizen, kisha unapeleka alama za vidole Nyayo House au kituo kingine. Ikiwa Desemba imeshaingia na hujaanza, Zanzibar ya mwaka huu isahau. Wakati mwingine hutoka haraka, wakati mwingine unakaa ukisoma ule ujumbe wa "inachapishwa" mpaka unaukariri.

Sasa kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambayo ndiyo huangusha watu kuliko pasipoti. Tanzania huidai kwa anayetoka Kenya, kwa sababu sisi tumo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Uganda huidai kwa kila anayeingia. Rwanda sijawahi kuona wakiisisitiza kwa ukali huo, lakini huwezi kujua zamu ya afisa gani, kwa hiyo inasafiri nami popote. Chanjo ni moja tu, na tangu 11 Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Hata kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado ni halali. Jambo ambalo watu hawalisikii ni kwamba cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukidungwa Jumatatu usafiri Ijumaa, kwa mujibu wa sheria hujadungwa.

Mwaka mmoja tulikuwa wanne tukielekea Zanzibar, na kaka yangu alikuwa ameiacha kadi nyumbani akaibeba kwa picha kwenye simu. Simu ikafa chaji hewani. Tulitua, sisi watatu tukapita, yeye akawekwa pembeni kwenye kiti cha plastiki akiangalia mizigo ikizunguka. Alipata chaji ya kuazima kwa mhudumu, picha ikafunguka, afisa akaiangalia kwa muda ambao sisi nje tuliuona kama saa nzima, halafu akamwambia, "Kaka, safari nyingine uje na kadi." Ndivyo ilivyoisha, lakini ilikuwa hisani tu. Na hizo kadi zinazouzwa mjini bila sindano, ziache huko huko. Ukizinunua umelipia ugonjwa na kesi kwa wakati mmoja.

Zanzibar ina jambo lake jingine. Tangu 1 Oktoba 2024 imeweka bima ya lazima kwa wageni wanaotoka nje ya Tanzania, dola 44, inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar kupitia intaneti. Ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe, ujaze uraia wako uone unavyohesabiwa, na usimlipe mtu wa katikati anayekuahidi kukurahisishia. Kwa familia ya watu wanne, kiasi kama hicho kinaweza kubadilisha hesabu yote ya nauli.

Mtoto hana kitambulisho. Kwa hiyo hata ukienda Kampala, yeye anahitaji pasipoti yake au hati ya muda, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Akisafiri na mzazi mmoja, beba barua ya idhini kutoka kwa yule anayebaki. Barua hiyo huenda usiulizwe mara tano mfululizo, ukaulizwa ya sita.

Na kama mwenzako si raia wa Afrika Mashariki, ipo viza ya pamoja ya utalii, dola 100, siku 90, inayomruhusu kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo, tena. Kwa mtu huyo peke yake, Kampala pamoja na Kigali ni hesabu nzuri zaidi kuliko Zanzibar.

Barabara na anga

Kampala ndiyo pekee kati ya hizi ambayo basi lina maana kwa likizo fupi. Ni kama kilomita 650. Mabasi huondoka katikati ya mji, kule River Road na Accra Road, nyingi jioni; unalala ukipita Nakuru, unaamshwa Busia alfajiri. Busia ina kituo cha pamoja tangu 2018, maana yake unamalizana na Kenya na Uganda chini ya paa moja, upande unaoingia. Kabla hujashuka kwenye basi, ikariri namba yake ya usajili. Mabasi matatu ya rangi moja hupangwa pamoja gizani, na nimemwona mama mmoja akipanda lisilo lake, akakaa na kuanza kula mandazi yake kwa utulivu kabisa.

Kutoka Busia unapita Iganga, kisha Jinja, na hapa ndipo siri ya njia hii ilipo: Jinja iko kabla ya Kampala, kama kilomita 80. Wakenya wengi hupitiliza wakiwa usingizini, kisha kesho yake wanalipa tena kurudi kuona chimbuko la Nile. Mwambie konda mapema akushushe. Ukiendelea mbele, baada ya msitu wa Mabira, basi hupunguza mwendo Namawojjolo na wachuuzi wenye makoti ya namba hukimbilia madirishani na mishikaki ya kuku na ndizi za gonja za kuchoma. Uwe na noti ndogo za Uganda mkononi. Mazungumzo ya bei huchukua sekunde nane.

Kigali kwa basi ni kama kilomita 1,160 kupitia Kampala, takriban siku nzima na usiku wake. Nilifanya mara moja nikiwa na miaka 24, nikafika nimevimba miguu. Barabara ya Kabale ni nzuri mno kwa macho, vilima vimelimwa kwa ngazi mpaka kileleni, lakini kwa siku tano utatumia mbili kwenye kiti. Panda ndege. Ni kama saa moja na nusu, na Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ukiruka saa tatu asubuhi unatua saa tatu na nusu asubuhi, kama mtu aliyeibia siku. Kurudi ndiko kunakodai deni: ndege ya jioni inakufikisha JKIA usiku, na Mombasa Road unaijua.

Zanzibar kwa ndege ya moja kwa moja ni kama saa moja na dakika ishirini, na uwanja uko kilomita chache tu kutoka Mji Mkongwe. Kwa barabara ni Namanga, Arusha, Moshi, Korogwe, Chalinze, Dar, siku nzima kabisa, halafu boti ya saa mbili hivi. Ukitoka Mombasa unaweza kupita Lunga Lunga na Tanga. Njia hizo ni za mtu mwenye wiki mbili na moyo wa kutazama dirishani. Mwenye siku tano atafika Zanzibar siku ya pili jioni, amechoka, anaulizwa karatasi.

Pesa

Shilingi moja ya Kenya ni kama shilingi 20 za Tanzania, kama 27 za Uganda, na kama faranga 11 za Rwanda. Hesabu hizi hupanda na kushuka, lakini zinatosha kukuzuia kushtuka ukiambiwa chai ni elfu mbili.

Kampala ndiyo nafuu kuliko zote, wala haina mshindani. Rolex, yaani chapati iliyoviringwa na mayai, nyanya na kitunguu, ni kifungua kinywa cha mtu mzima kwa pesa ambayo Nairobi haikununulii smokie mbili na kachumbari. Kigali chakula cha kawaida si ghali, lakini kahawa, mikahawa mizuri na vyumba viko bei ya Westlands. Zanzibar ina bei mbili: ya mwenyeji na ya mgeni, na wewe Mkenya unaelea katikati. Popote penye kiingilio, taja mapema kwamba unatoka Afrika Mashariki na uonyeshe hati. Usingoje mpaka risiti iandikwe.

Tanzania ilipiga marufuku kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni kuanzia Machi 2025, kwa hiyo dola zako zibadilishe benki au kwenye duka la fedha, kisha ulipe kwa shilingi. Shilingi za Kenya badilisha kiasi Nairobi au mpakani ndani ya ofisi, maana ukishafika kisiwani hazipendwi. Wale vijana wa Namanga na Busia wanaokuja dirishani na matita ya noti, wengine ni waaminifu, wengine wana vidole vya mazingaombwe. Mimi siwajaribu.

M-Pesa inavuka mipaka kwa kutuma: kwenda namba ya Vodacom Tanzania, au MTN Uganda na Rwanda. Ila usitarajie kulipa kibandani kwa Till kama uko Kenyatta Market. Ukikaa zaidi ya siku tatu, nunua laini ya huko. Watasajili kwa hati yako. Uganda jiandae kwa jambo moja: Facebook imefungwa huko tangu Januari 2021. Familia ikikusubiri huko, waambie waende WhatsApp.

Lugha, na aibu ndogo ndogo

Hapa ndipo ulinganisho unaponoga. Unaenda nchi tatu, na Kiswahili chako kinakupeleka kwa njia tatu tofauti.

Zanzibar utaeleweka kila neno, na hilo ndilo tatizo. Nairobi tukitaka chai tunasema "Nipe chai." Hatuna ubaya, ndivyo tunavyosema. Mara yangu ya kwanza pale Darajani nilimwambia muuzaji mtu mzima, "Nipe maji baridi," na akanitazama kama niliyemvunjia kitu. Mwenzangu wa Tanga akanishika mkono, akasema polepole, "Shikamoo baba. Tunaomba maji." Yule mzee akajibu marahaba, akafungua friji, akauliza tumetoka wapi, akatuongezea ubuyu. Tangu hapo nina kanuni: shikamoo kwa kila aliyenizidi umri, "naomba" badala ya "nipe", na salamu iishe kabla ya bei kuanza. Kule mtu husalimiwa kwanza, akaulizwa hali, ndipo ukafika shida yako. Kukatiza ni kama kuingia nyumbani kwa mtu na viatu.

Mavazi ni sehemu ya lugha hiyo. Ufukweni vaa unavyotaka. Ukiingia vijijini au Mji Mkongwe funika mabega na magoti. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, hata soda mkononi. Mikahawa ya wageni hubaki wazi, lakini mji wote umefunga na unaona.

Kampala ni kinyume. Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini kwa Waganda wengi wa makamo hicho ni Kiswahili cha wanajeshi na vizuizi vya barabarani, na ukimsemesha mtu kwa Kiswahili chenye amri anaweza kujifanya hakuelewa. Tumia Kiingereza, na ujifunze maneno mawili: "ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke. Ukiweka hayo mwishoni mwa kila sentensi, milango inafunguka. Waganda hawana haraka ya kuongea. Mkenya anayeanza na bei bila "uliamkaje" wanamjua kabla hajamaliza.

Kigali, Kiswahili ni lugha rasmi kwa sheria tangu 2017, lakini mtaani wengi watakujibu kwa Kinyarwanda, Kiingereza au Kifaransa. Ukikimiss Kiswahili nenda Nyamirambo, mtaa wa zamani wa Waislamu, na Biryogo ya karibu yake, utakipata kwenye chai na chapati kama uko Eastleigh iliyonyamazishwa. Kwingine "muraho" na "murakoze" zinatosha.

Vya kuacha Nairobi

Miraa na mogoka. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu kila safari ya basi kuna mmoja anayedhani ni kama karanga. Tanzania na Rwanda huzihesabu dawa za kulevya, na Uganda nayo imebana. Usibebe hata kwa ajili ya dereva.

Mifuko ya plastiki: sisi tuliipiga marufuku 2017, Tanzania ikafuata 1 Juni 2019, Rwanda ilitutangulia sote mwaka 2008. Viatu vyako fungia kwa kitambaa. Rwanda pia hunyang'anya krimu za kujichubua, na hata kama ni ya shangazi yako, ni ya shangazi yako mpaka mlangoni tu. Kwa Kigali beba adapta, soketi nyingi huko ni za matundu mawili ya mviringo.

Ukishafika

Zanzibar, chagua ufuo kwa kuuliza maji. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, ina upana wa kushangaza, lakini maji yakipwa yanaondoka mbali, na wakati wa bamvua unaweza kutembea nusu saa hujafika magotini. Wengine wanapenda, akina mama wa mwani wanafanya kazi huko ndani na upepo ni mzuri kwa wanaorushwa na kishada. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaendi mbali. Vaa viatu vya mpira, kuna wanyama wa baharini wenye miiba. Usiku mmoja ulale Mji Mkongwe, mchana ule urojo, ile supu nzito ya kule, na jioni uende Forodhani kwa miwa na mishikaki, ukikubaliana bei kabla hawajaweka chochote motoni. Machi hadi Mei ni masika: bei zinashuka, na mvua inashuka pamoja nazo.

Kigali ni mji wa kupumua. Watu huvuka kwenye mistari, abiria wa pikipiki huvaa kofia ya helmeti kila mara, na gari hupita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara tazama upande ambao shingo yako haijazoea. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, maduka hufungwa na barabara hunyamaza. Panga ndege yako ukijua. Wiki inayoanza 7 Aprili ni ya kuomboleza mauaji ya kimbari ya 1994, hakuna muziki wala sherehe, na anayetafuta starehe asiende siku hizo. Wakati wowote mwingine, nenda Gisozi, kwenye makumbusho ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Kiingilio ni bure. Usipange kitu kingine mchana huo. Mimi nilipanga chakula na marafiki na sikuweza kula.

Sokwe wa milimani ni hesabu ya ajabu kidogo. Mgeni wa mbali hulipa dola 1,500 Rwanda na dola 800 Uganda. Raia wa Afrika Mashariki, Uganda humtoza shilingi 300,000 za Uganda, ambazo ni kama elfu kumi na moja za kwetu. Rwanda nayo imempunguzia sana, ingawa bado ni ghali kuliko Uganda. Tatizo ni kwamba Bwindi, msitu wa hao sokwe upande wa Uganda, iko mbali na Kampala, siku nzima ya barabara, lakini kutoka Kigali unaifikia kusini kwake kupitia Cyanika na Kisoro kwa saa chache. Kwa hiyo Mkenya mjanja huruka Kigali na kumwona sokwe wa Uganda. Kibali unakata mapema sana, na lazima uwe na miaka 15 au zaidi.

Kampala ni kelele, vumbi na furaha. Takisi zao ni matatu zetu, boda ni nyingi kuliko siafu, na msongamano unaifanya Thika Road ionekane na adabu. Ule matoke na mchuzi wa karanga, ule luwombo iliyofungwa kwenye jani la ndizi. Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoungua Machi 2010 na kujengwa upya, ni ya kuona. Ukienda mwanzoni mwa Juni utakuta mahujaji wanaokwenda Namugongo kuwakumbuka mashahidi wa Uganda, na Wakenya waliokuja kwa miguu mpaka viatu vikaisha, na hakuna chumba. Chagua tarehe nyingine isipokuwa wewe mwenyewe ndiye hujaji.

Mwenye gari

Kwa ufupi: kadi ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvuka mipaka, ambayo nayo huitwa kadi ya njano, na nimemwona mtu akitoa ya homa kwa polisi wa barabarani. Logbook ya asili, na barua ya benki ikiwa gari lina mkopo. Tanzania, ukiona kibao cha 50, nenda 50. Si 55. Wamekaa chini ya mwembe na mashine. Rwanda kumbuka upande wa kulia, na kamera.

Nilivyomwambia mdogo wangu

Kama wangekuwa na pasipoti, kadi za zaidi ya siku kumi, na pesa ya kutosha, ningemwambia Zanzibar bila kusita, siku zote tano, na simu izimwe. Kama wangetaka wawili tu, kimya, chumba kizuri na kahawa, Kigali kwa ndege. Kwa vijana wanne wenye elfu kumi na tano kila mmoja, Kampala, na wasiniulize tena.

Akaenda kwenye droo usiku huohuo. Nikasikia karatasi zikipekuliwa kwenye simu, na shemeji nyuma akisema, "Angalia chini ya bahasha ya KRA." Vitambulisho viwili, vizima. Kadi mbili za njano, za safari ya kazini ya mwaka 2019. Pasipoti ya mdogo wangu iliisha Agosti. Ya mtoto haijawahi kuwepo, na cheti chake cha kuzaliwa kiko kwa shosho Murang'a, ambako mtoto mwenyewe angefurahi kubaki siku tano akifuata mbuzi.

Wamekata tiketi ya basi la usiku. Wanashuka Jinja.